Kuimarisha chasisi ya pikapu ya zamani: pleti ikae wapi, na kwa nini nyingine huzaa nyufa

Chasisi ya pikapu ya zamani ikipasuka, dawa katika gereji nyingi ni moja: pleti nene ipigwe juu ya ufa, ichomelewe pande zote nne, ipakwe rangi nyeusi, kazi imekwisha. Baada ya misimu miwili ya mvua ufa mpya unajitokeza, safari hii sentimita chache tu kutoka pale pleti ilipoishia. Fundi analaumu barabara, mwenye gari analaumu fundi, halafu inaongezwa pleti ya pili juu ya ya kwanza.

Barabara ina lawama yake, lakini ufa wa pili umeletwa na pleti yenyewe. Chasisi hupinda na kurudi kila gari linapopita shimo, na kupinda huko kunagawanyika kwenye urefu wake wote. Ukiweka kipande kinene kisichopinda, sehemu hiyo inakataa kufanya kazi yake na jirani yake anabebeshwa. Mahali chuma kinene kinapokutana na chembamba ghafla, kwenye mshono wa wima uliokatiza mhimili (chuma kirefu kinachopita kila upande wa chasisi), ndipo mkazo wote unapokusanyika. Kwa hiyo swali la kwanza katika kazi hii ni wapi chuma kipya kitaishia na kitaishia kwa umbo gani. Unene unafuata baadaye.

Mfano mkuu hapa ni Land Rover 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli zake mbili), kwa sababu bado ziko kazini Tanzania na Kenya, mashambani na kwenye njia za milimani, na kwa sababu chasisi yake inafundisha mengi. Tutagusa pia pikapu za Kimarekani kama Chevrolet C10 na Ford F-100, kwa kuwa zinaugua kwa namna nyingine.

Boksi na chaneli

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa bado na mgao wa chuma baada ya vita, na mashine za kukandamiza mihimili mikubwa zilikuwa ghali. Waundaji wake wakachukua vipande bapa, wakavichomelea kwenye kona nne, wakapata mhimili wa boksi. Mtindo huo ukaendelea hadi 109, iliyoanza mwaka 1956, ikapita Series II ya 1958, IIA ya 1961, na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kuta za boksi hilo zina unene wa takriban mm 2 tu. Nguvu yake yote inatoka kwenye umbo. Ndiyo maana kutu iliyokula milimita moja, ambayo kwenye lori isingemshtua mtu, hapa imekwisha kuondoa nusu ya ukuta.

C10 na F-100 za miaka ya 1960 zina mihimili ya chaneli, yaani chuma kimekunjwa kama herufi C, upande mmoja uko wazi. Lori kama Canter nazo ni hivyo. Chaneli ina ukuta mnene kuliko wa Land Rover, ni rahisi kuikagua kwa sababu unaiona ndani na nje, haitunzi maji, lakini inasokoteka kirahisi. Chukua boksi la viatu lisilo na kifuniko ulisokote kwa mikono miwili, kisha gundisha kifuniko ujaribu tena: tofauti utakayoihisi ndiyo iliyopo kati ya chasisi hizi mbili.

Tofauti hiyo inahesabika, na hesabu yake inafaa kujulikana kabla ya kuwasha mashine. Tuseme una chaneli yenye kimo cha mm 150, midomo miwili (sehemu zilizokunjwa juu na chini) ya mm 60 na unene wa mm 4. Ukiifunga upande ulio wazi kwa pleti ya mm 4 ikawa boksi, ukinzani wake dhidi ya kusokotwa unapanda zaidi ya mara 500. Ukinzani dhidi ya kupinda chini kwa uzito wa mzigo unapanda kwa 32% tu. Sasa badala ya hiyo pleti, chukua fleti (vipande virefu bapa vya chuma) mbili za mm 60 kwa mm 4, moja ilale juu ya mdomo wa juu, nyingine chini ya mdomo wa chini. Ukinzani dhidi ya kupinda unapanda kwa 81%, na chuma ulichotumia ni kidogo zaidi: kilo 3.8 kwa kila mita, wakati pleti ya kufunga ingechukua kilo 4.7. Lakini msokoto umebaki karibu palepale. Ukinzani wake umeongezeka kama mara nne, na mara nne ya kitu kidogo sana ni kitu kidogo bado. Chasisi nzima haitakuwa ngumu mara 500 kwa sababu tu umefunga mihimili, maana vyuma vya kukingama na viungo vyake navyo vina mchango, lakini mwelekeo ni huo.

Maana yake ni kwamba lazima ujue gari lako linaugua kipi. Gari linalosokoteka linajitangaza: ukipandisha gurudumu moja juu ya tuta, mlango unakwama au unafunguka wenyewe, kioo cha mbele kinapasuka kuanzia kona, vishikio vya kebini vinakatika mara kwa mara. Gari linalopinda linaonekana kwenye nafasi kati ya kebini na kreti (sehemu ya mzigo). Nafasi ikipanuka juu, mkia umelala. Ikibana juu, gari limelegea katikati. Kumfungia mihimili mtu ambaye tatizo lake ni mkia uliolala ni kumuuzia dawa ya ugonjwa mwingine.

Kuhusu mkia kuna hesabu nyingine fupi. Magunia matatu ya kilo 100 yakikaa kwa wastani wa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, yanaleta nguvu ya kupinda ya takriban Nm 2,940 juu ya ekseli, karibu Nm 1,470 kwa kila mhimili. Kwa chaneli tuliyoitaja, hiyo ni mkazo wa kama megapaskali 30. Chuma cha kawaida huanza kurefuka bila kurudi tena kwenye megapaskali 235 hadi 250, kwa hiyo mtu ataona ana akiba kubwa. Tatizo ni kwamba akiba hiyo ni ya gari lililosimama. Shimo moja linaweza kuzidisha mkazo mara mbili au tatu, kutu ikila nusu ya unene unazidi tena mara mbili, na penye mwisho wa mshono mbaya unaongezeka zaidi. Kisha jambo hilo linarudiwa mamilioni ya mara. Chuma hakihitaji kufika kwenye kikomo chake ili kipasuke. Kinachoka, na kinaanza kuchoka kwenye mshono.

Kutoka hapo utajua pia pa kutafuta ufa. Mzigo unaoning'inia nyuma unavuta uso wa juu wa mhimili, kwa hiyo nyufa zake zinaanzia juu, karibu na ekseli ya nyuma. Mzigo ulioko kati ya ekseli mbili unavuta uso wa chini, na nyufa zake zinaanzia chini.

Kukagua

Osha kwanza, na uoshe kweli. Tope linalokaa juu ya mihimili na ndani ya mikono ya pembeni linashika unyevu miezi mizima. Baada ya kukauka, tumia nyundo ndogo yenye ncha na bisibisi la zamani. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na bisibisi likizama umepata jibu. Boksi la Land Rover linaoza kuanzia ndani, kwa hiyo rangi nzuri ya nje si ushahidi wa chochote. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu, ikipitishwa kwenye tundu la kutolea maji, inaonesha kile nyundo isichokisema.

Kwenye 109 anza na pembe za mbele zinazoshika springi, kisha mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa mbele wa kebini, mikono ya tangi, hanga zote za springi pamoja na mirija ya bushi, sehemu ambapo mhimili unapanda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na mwisho kabisa mkingamo wa nyuma. Huo wa nyuma ndio unaooza mapema, na ndio pia unaofungwa ndoano ya kuvutia. Angalia uso wa chini hasa; tope na maji hukusanyika hapo.

Kwenye chaneli, kagua riveti za mikingamo. Riveti iliyolegea inatoa unga mwekundu-kahawia kuizunguka, wakati mwingine mchirizi unaoshuka chini yake. Weka kidole kwenye kiungo, mtu mwingine atikise gari. Mwendo mdogo unausikia kabla hujauona. Kagua pia kuzunguka steringi boksi na vishikio vya injini, na kila tundu lililotobolewa na mtu baada ya kiwanda, hasa likiwa kwenye mdomo wa chaneli. Midomo ndiyo inayobeba mkazo mkubwa kuliko sehemu zote, na tundu pale ni mlango wa ufa.

Ufa unaoutilia shaka, usafishe kwa brashi ya waya, usitumie grenda, kwa kuwa grenda huulaza chuma juu ya ufa na kuuficha. Rangi ya kupenya, ile nyekundu inayofuatwa na unga mweupe, itauchora wote hadi mwisho wake halisi. Mara nyingi ufa unazidi ule unaoonekana kwa macho.

Kupima na kushikilia

Chasisi iliyopinda ikiimarishwa inabaki imepinda milele. Weka gari mahali pa sawa, angusha timazi kutoka sehemu zinazolingana kushoto na kulia (bolti za hanga za springi ni nzuri), weka alama sakafuni, kisha pima mikato ya pembe kwa pembe. Tofauti isizidi mm 3. Pima pia kimo cha mihimili kutoka sakafuni sehemu kadhaa, uandike. Vipimo hivyo utavirudia wakati wa kuchomelea, si mwishoni tu.

Chasisi ikae kwenye stendi angalau nne, karibu na ekseli zilipo, isibebwe na jeki. Ukikusudia kukata kipande kikubwa cha mhimili, chomelea kwanza chuma cha engo cha muda kinachovuka eneo hilo, ndipo ukate. Kwenye 109, kabla ya kubadilisha mkono wa pembeni unaobeba ukuta wa kebini, funga milango uangalie inavyokaa, kisha shikilia ukuta huo kwa engo kati ya nguzo za milango. Usipofanya hivyo, ukuta utashuka milimita kadhaa na mlango hautafunga tena, hata mkono mpya ukiwa mzuri namna gani.

Toa betri nyaya zote mbili, na chomoa altaneta. Kwenye 109 pikapu tangi la mafuta liko chini ya kiti, jirani kabisa na mahali utakapowasha moto: litoke nje ya gereji, pamoja na mabomba yake. Halafu kuna waya za taa za nyuma. Land Rover walizipitisha ndani ya mhimili, na fundi asiyejua huziunguza zote kwa mshono mmoja wa nje, bila kuona moshi. Zichomoe, lakini kabla ya kuzivuta funga kamba imara mwishoni ibaki ndani ya mhimili kama njia ya kuzirudishia. Kamba nayo itaungua ukichomelea karibu, hivyo sehemu hiyo tumia waya mwembamba wa chuma.

Weka klempu ya ardhi ya mashine kwenye chuma kile kile unachochomelea, karibu kabisa na mshono. Ukiifunga kwenye ekseli au injini, umeme unatafuta njia kupitia beringi, na beringi zikipitiwa na umeme zinaharibika.

Chuma gani

Nunua pleti ya chuma laini cha kawaida, daraja la S235 au S275. Kwa Land Rover unene wa mm 2 hadi 3 unatosha. Kwa chaneli, sawa na ukuta uliopo au pungufu kidogo. Pleti ya mm 6 juu ya ukuta wa mm 2 inaonekana imara dukani na inapasua chasisi barabarani, kwa sababu iliyoelezwa mwanzoni.

Na hapa lazima isemwe bila kumung'unya maneno: jani la springi lililovunjika lisitumike kama pleti. Ni desturi iliyoenea, kwa sababu jani lipo bure na ni gumu. Lakini chuma cha springi kina kaboni nyingi, na sehemu iliyopata moto wa kuchomelea ikipoa inakuwa ngumu na kukatika kama kigae. Ufa unaanzia ukingoni mwa mshono na kuingia kwenye mhimili wenyewe.

Ufa wenyewe

Pleti haitibu ufa. Ufa utibiwe kwanza. Tafuta ncha zake kwa rangi ya kupenya, toboa tundu la mm 5 hadi 6 mbele kidogo ya kila ncha. Tundu linaondoa ncha kali ambayo ufa huitumia kusonga mbele. Kisha chimba ufa wote kwa diski nyembamba ya grenda uwe kama herufi V hadi karibu upenye upande wa pili, uujaze kwa mshono uliopenya, pamoja na matundu yale mawili. Sawazisha mshono uwe bapa na ukuta. Usagaji ufuate urefu wa mhimili: mikwaruzo inayokatiza mhimili ni mwanzo wa nyufa mpya, na tofauti hiyo ndogo ya kushika grenda ina thamani kubwa.

Kilicholiwa na kutu kikatwe chote hadi ufikie chuma chenye unene kamili. Kuchomelea pleti juu ya kutu ni kushona kiraka kwenye kitambaa kilichooza. Mshono unashika, kando yake panachanika. Kona za tundu unalokata ziwe za mviringo.

Umbo la pleti na mshono wake

Pleti ya kuimarisha isiwe na mwisho wa wima. Ikate ncha zake ziwe za mshazari, kati ya digrii 30 na 45, au iwe na umbo la almasi lililonyoshwa, na kona zote ziwe za mviringo. Kwa namna hiyo chuma kinaongezeka polepole, na hakuna mstari mmoja wa mhimili unaobeba badiliko lote. Ipite ufa kwa kila upande angalau kiasi sawa na kimo cha mhimili: mhimili wa mm 150 unataka pleti isiyopungua mm 300, na ikiwezekana iishie mahali tulivu, mbali na hanga, mkingamo au tundu. Ukiweka pleti nje na ndani ya chaneli, ncha zake zisilingane. Moja ipite nyingine kwa mm 50 au zaidi.

Chomelea pande zinazofuata urefu wa mhimili. Ncha za mshazari zinaweza kuchomelewa, lakini usianze wala kumalizia mshono kwenye kona, maana mwanzo na mwisho wa mshono ndiyo sehemu dhaifu. Kingo za juu na chini za mhimili ziachwe bila mshono: pleti iwe fupi kuliko ukuta wa wima, ibaki nafasi ya angalau mm 10 hadi 20 kabla ya kona. Kwa pleti pana, toboa matundu ya mm 12 hadi 16 katikati yake, kila baada ya mm 80 hadi 100, uyajaze kwa mshono ili pleti ishikamane na ukuta kati, isibaki ikipiga kelele kama ngoma na kukusanya maji nyuma yake.

Fleti zinazolala kwenye midomo ya chaneli ni dawa nzuri ya kupinda, kama hesabu ilivyoonesha, lakini ndizo zinazoadhibu vikali kosa. Mshono ufuate urefu tu. Mwisho wa fleti uchongwe kama ulimi mrefu, usiwe na hata sentimita moja ya mshono inayokatiza mdomo. Kama huna uhakika na mkono wa mchomeleaji, ni salama zaidi kuacha midomo na kupunguza mzigo.

Moto

MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi) yenye waya wa mm 0.8 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi ndiyo inayofaa zaidi kwa kuta za mm 2. Kwa fimbo za kuchomelea, aina ya E6013 ya mm 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80 inafanya kazi, na penye ukuta uliopungua tumia fimbo ya mm 2. Kwa chaneli ya mm 4 na kuendelea, E7018 inatoa mshono mvumilivu zaidi wa kuchoka, mradi fimbo ziwe kavu. E7018 iliyokaa wazi kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa inaingiza haidrojeni kwenye mshono na kuupasua baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Mashine za transfoma za kienyeji zenye hatua chache za moto zinaweza kazi ya chaneli, lakini kwenye boksi la Land Rover hatua ya chini kabisa mara nyingi bado ni moto mkali mno na itatoboa.

Mshono unapopoa unanywea na kuvuta chuma upande wake. Ukichomelea upande wa nje wa mhimili mfululizo kwa mita moja, mhimili utapinda kuelekea nje, na hutaurudisha kwa nyundo. Shika pleti kwa madoa madogo kila baada ya mm 50 hadi 75. Kisha chomelea vipande vya mm 25 hadi 40, ukiruka: kimoja mwisho huu, kimoja mwisho ule, kimoja katikati, halafu uende mhimili wa upande wa pili wakati huu unapoa. Usiendelee mahali ambapo huwezi kuweka kiganja. Usimwage maji kuharakisha. Chuma kilichopoa ghafla kinakuwa kigumu na kidhaifu. Rudia kupima mikato kila baada ya hatua kubwa. Ikianza kutofautiana, badilisha mpangilio wa mishono kabla haijazidi.

Kama chasisi imepakwa zinki, isage zinki mm 50 kuzunguka mshono, uchomelee penye hewa na barakoa ya kufaa. Moshi wa zinki huleta homa kali ya usiku, na zinki ikibaki inaujaza mshono vitundu.

Kufunga chaneli

Kwa C10 au pikapu nyingine ya chaneli, watu hupenda kufunga mihimili yote kuanzia bampa hadi bampa. Kwa gari la maonyesho au lenye injini kubwa kwenye lami, inaeleweka. Kwa gari la mzigo kwenye barabara ya vumbi, funga sehemu zinazohitaji: mbele kwenye kazi ya sasapensheni na steringi boksi, kwenye vishikio vya injini, na pale shokapu za nyuma zinaposhika. Sehemu ya nyuma ya kebini iachiwe kujisokota kidogo. Ikikazwa yote, msokoto unahamia kwenye mikingamo na riveti zake, na viungo hivyo havikuundwa kuubeba.

Mwisho wa sehemu iliyofungwa uchongwe kama mdomo wa samaki, kwa urefu usiopungua kimo cha mhimili, na usiangukie kwenye mstari mmoja na kiungo cha mkingamo. Hakikisha bolti zote zilizo ndani ya chaneli bado zinafikika. Chomelea nati ndani kabla ya kufunga, au acha tundu la mkono. Acha matundu ya maji ya mm 10 hadi 12 kila sehemu ya chini kabisa.

Riveti zilizolegea zitobolewe na nafasi yake ichukuliwe na bolti za daraja la 8.8 au 10.9. Tundu lilainishwe liwe duara kamili na bolti iingie kwa kubana, sehemu laini isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya kiungo. M10 ya 8.8 inakazwa kwa takriban Nm 45 hadi 50, M12 kwa Nm 80 hadi 85, pamoja na nati ya kujifunga. Kuchomelea kichwa cha riveti iliyolegea ni kazi bure. Kiungo kitaendelea kucheza na mshono utakatika.

Kutu, na namba ya chasisi

Ndani ya boksi lililofungwa hapana rangi utakayofikisha kwa brashi. Baada ya kuchomelea na kupoa, puliza nta ya mashimo (nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi) kwa mpira mrefu wenye tundu pembeni mwa ncha, kupitia matundu ya maji, hadi ianze kutoka chini. Nje, safisha mishono hadi chuma king'ae, paka rangi ya zinki au epoksi tabaka mbili, kisha rangi ya juu. Oili chafu ya injini iliyozoeleka kupuliziwa chini ya gari inasaidia kiasi, lakini inakula mpira wa bushi, na siku ya kuchomelea tena inawaka na kuujaza mshono vitundu. Mwambao wa pwani unadai kurudia nta kila mwaka. Mahali kreti ya aluminiamu ya Land Rover inapokalia mikingamo ya chuma, weka mpira au plastiki kati yake. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu inageuka unga mweupe.

Kabla ya kugusa pembe ya mbele ya kulia ya 109, tafuta namba ya chasisi: imegongwa upande huo, karibu na hanga ya springi. Grenda ikipita hapo, gari linapoteza utambulisho wake kisheria. Piga picha, na kama kipande lazima kibadilishwe, pata maelekezo ya mamlaka ya usajili kabla ya kukata, TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya.

Kama kutu imekula mihimili yote miwili kwa urefu wa zaidi ya mita, au mirija ya bushi na hanga zote zimeoza, viraka vitagharimu zaidi ya vinavyostahili. Chasisi mpya za 109 zilizopakwa zinki kwa moto bado zinatengenezwa Uingereza, na kwa gari linalotegemewa kila siku hiyo ndiyo njia ya nafuu, pamoja na bei yake ya kuumiza.

Baada ya kazi, uwezo wa kubeba ni ule ule wa kiwanda. Springi, breki, ekseli na matairi hayakubadilika. Endesha kilomita 500 kwa mzigo wa nusu, kisha kaza upya bolti zote za mikingamo na kagua ncha za kila pleti kwa taa ya pembeni. Rangi iliyopasuka kama unywele pale mshono ulipoishia ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Isafishe kwa brashi, weka rangi ya kupenya, na kama ufa upo, badilisha umbo la mwisho wa pleti kabla ya kufikiria chuma kingine.